Hirizi ya Kwenye Simu

Wifi yangu Marcella ana tabia moja iliyonichosha tangu aolewe hapa Kibugu: hajui kuachilia kitu. Sufuria ikitoboka ataipeleka izibwe, itoboke tena, aipeleke tena, hadi fundi mwenyewe amwonee haya. Ng'ombe amezeeka, hatoi hata maziwa ya kugeuza chai rangi, na bado anakatiwa nyasi kama mgeni wa harusi. Kuna kuku wake aliugua akalazwa jikoni ndani ya karai, ananyweshwa maji kwa kijiko, na sisi wenye akili timamu tunangoja supu. Ukimwambia, "Wifi, kila kitu kina siku yake," anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyemroga huyo kuku.

Mimi ni Beth. Nthiga, mume wake, ni kaka yangu wa tumbo moja. Kati ya mlango wangu na wao kuna mistari ya chai tu, kwa hivyo haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, mengi nikiwa nimekasirika, na mimi nikikasirika ndipo huona vizuri.

Nthiga alikuwa fundi wa mawe. Ukitoka hapa hadi Kianjokoma, nyumba nyingi za mawe unazoziona amezigusa kwa mikono yake. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na kazi yake kanisani ilijulikana na wote: kuchoma hirizi. Mtu akiokoka, au akichoka tu kuogopa, alimwita Nthiga. Anakuja na kiberiti na chupa ya mafuta taa, anawasha moto uani, anaomba kigoda, anakaa. Lakini sheria yake ilikuwa ngumu. Hakuna wa kukutupia hirizi yako. Si mchungaji, si mama yako, si yeye. "Mwenyewe ndiye hutupa," alikuwa akisema. "Ukinyang'anywa leo, kesho utaenda kutafuta nyingine." Basi angekaa hapo, hata mvua ianze, akingoja mkono wa mwenyewe ufunguke. Ikishatupwa, wanaimba wimbo mmoja, wanakunywa chai, na hakuna anayeruhusiwa kuitaja tena.

Hirizi ya kwanza kabisa kuingia kwenye moto wake ilikuwa ya Marcella. Wifi yangu si wa huku, ni Mmeru wa Mikinduri. Akiwa mtoto alishikwa na degedege, na jirani yao Kuruthumu, mke wa Suleiman mwenye bucha, akamfunga hirizi shingoni, kipande cha ngozi kilichoshonwa, ndani kuna maandiko ya dini yao. Alipona. Kama ni hirizi au ni dawa ya zahanati, Mungu ndiye ajuaye, ila Marcella hakuivua tena. Nthiga alienda Mikinduri kujenga kanisa, akampenda, na walipofika mahali pa kuzungumza ndoa akaiona ile ngozi. Hakuigusa. Aliwasha moto, akakaa kwenye kigoda. Marcella anasema alikaa tangu chai ya saa nne hadi ng'ombe wakarudi, hajasema neno, anamtazama tu. "Ningeachana naye siku hiyo," husema, "lakini vile alivyokuwa ananingoja! Sijawahi kungojwa hivyo na mtu." Akaitupa. Kuruthumu alilia kwa hasira, halafu akaja harusini na mguu mzima wa mbuzi.

Sasa huyo Nthiga, kiharusi kikamkamata akichonga jiwe. Kilimchukua upande wote wa kulia, na mdomo pia. Mtu aliyekuwa akihubiri hadi kuku wanaingia kulala, hana tena hata "eeh". Kilichobaki ni macho na mkono wa kushoto, na katika mkono huo kidole gumba ndicho kilichokuwa na nguvu.

Marcella akaanza. Heh! Yule kuku alikuwa mazoezi tu. Asubuhi anamwosha, anamgeuza, anamlisha uji kwa kijiko, anakimbilia chai na kikapu mgongoni, anarudi mbio kumgeuza tena. Alikonda hadi sketi za kanisani akazifunga na pini. Mara mbili tulimlaza Nthiga hospitalini kwa sababu chakula kilikuwa kinapita njia mbaya na kuingia kwenye mapafu. Walimwekea mrija puani. Akauchomoa na ule mkono wa kushoto. Wakaurudisha, akauchomoa tena. Marcella akasema ni homa, hajui anachofanya. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, na niliyaona macho ya kaka yangu. Alijua vizuri sana.

Daktari akatueleza kwamba kuna mrija mwingine, wa kupitishwa tumboni, ambao hauchomoki ovyo. Hakusema ni lazima. Alisema haungemrudisha alivyokuwa, ungemwongezea muda tu, na familia iamue. Marcella alikuwa ameshaamua kabla sentensi haijaisha. Tulipofika nyumbani akazungumza na Mwongera mwenye gari, Jumatatu ya wiki iliyofuata awe mlangoni asubuhi kutupeleka kwenye huo mrija.

"Umemuuliza mwenyewe?" nikamwambia.

"Nitamuulizaje mtu asiyeweza kujibu?"

"Basi mwangalie."

"Beth, unataka ndugu yako afe?"

Yeye amechoka, mimi nimechoka, na mgonjwa amechoka kutushinda sote, na hilo neno hakuna mwenye mdomo wa kulitamka.

Gemu ya kwenye simu ilikuwa imeletwa miezi kadhaa kabla ya hapo na Lenah, binti yao, anayeuza simu Embu mjini. Mama wa mazoezi hospitalini alikuwa amesema mkono wa kushoto upewe kazi, na mpira wa matambara waliompa Nthiga aliutupa mlangoni ukampata paka. Lenah akaleta simu ya zamani iliyopasuka kioo pembeni. "Baba, jaribu hii," akamwambia, akamwekea mkononi.

Mimi niliona upuuzi mtupu. Kuna kijitu kimebeba upanga, kinashuka ngazi chini ya kanisa lililobomoka. Huko chini ni giza, vyumba baada ya vyumba, panya wakubwa kama mbwa, mifupa inayotembea, masanduku ya kufungua. Ukimaliza vyumba hivyo unapata ngazi nyingine, unashuka tena. Na kijitu kikifa, kimekufa. Unaanza upya juu kabisa, mikono mitupu. Nikamwambia Lenah, "Haya si ndiyo maisha ya mama yako? Ya kuchezwa ni ya nini?"

Lakini Nthiga, mzee mzima wa kanisa, aliipenda. Kidole gumba kinasukuma, kijitu kinatembea. Tangu augue, hicho ndicho kitu cha kwanza kilichomtii. Marcella akishapeleka majani anakaa kando yake, anamsomea Kizungu cha gemu na kumtafsiria kwa kile Kiembu chake cha Kimeru tunachokicheka hadi leo. "Kuna mkate hapo, Baba Lenah, chukua. Huo mlango usiufungue, nyuma yake kuna kitu. Usishuke kwanza, kaa hapo upone. Si nimekuambia usishuke!" Nilikuwa nikipita dirishani nawasikia wakigombana, yaani Marcella anagombana, na Nthiga anatoa pumzi za kucheka puani. Nyumba ilikuwa imepata sauti tena.

Kwenye gemu hiyo kulikuwa na hirizi moja tu. Ilifichwa chini kabisa na mtawa fulani, kipande cha ngozi chenye msalaba, cha kuvaliwa shingoni. Maandishi yalisema aliyeivaa akiuawa atafufuka palepale alipoanguka, na hirizi itageuka majivu. Waliitafuta wiki nyingi. Walikufa sana, wakaanza upya sana. Na kulikuwa na chumba kimoja ambacho Marcella alimkataza Nthiga hata kukikaribia, chenye madhabahu inayowaka moto, kwa sababu kitu kikitupwa pale hakirudi.

Siku mbili tatu baada ya ile safari ya daktari, wakaipata.

Sasa, hapa kwetu network ni ya kuombewa. Ukitaka simu isikike, unaenda kwenye kituo cha majani chai, unasimama karibu na mizani, juu ya jiwe fulani, na hata hapo lazima upige kelele. Kila mtu hupigia hapo. Ndiyo sababu karani wa majani anazijua siri za Kibugu kabla ya mchungaji. Marcella akafika, akatua kikapu, akapanda jiwe, akampigia Lenah.

"Lenah! Unanisikia? Hirizi tumeipata! Eeh, ile yenyewe! Baba yako ameivaa! Sasa hata akifa, anafufuka!"

Foleni yote ikageuka. Karani aliacha kusoma mizani, mkono ukabaki hewani. Ngai! Nikajua leo tumekwisha. Ni maneno ya nani hayo? Ya mke wa Nthiga, mchoma hirizi, mwanamke aliyekuja kutoka Mikinduri na ngozi shingoni, ambaye hajawahi kuachilia hata sufuria. Nani angeshangaa kwamba mume akielekea kaburini yeye angerudia ya zamani?

"Jamani, ni gemu," nikawaambia. "Ni kitu cha kwenye simu."

"Ndiyo, Beth, ni gemu," wakanijibu, vile unavyomkubalia mlevi kwamba hajalewa.

Nikamfuata Marcella njiani. "Rudi uwaeleze!"

"Niwaeleze nini? Nimechoka, Beth. Anayetaka kuamini aamini." Akaendelea kutembea, kikapu kitupu kinamgonga mgongoni.

Wanawake wa kanisa walikuwa wamejipangia kumchumia chai kila Alhamisi tangu Nthiga alale. Alhamisi hiyo hakuja hata mmoja, wala hakuna aliyetuma neno. Huku kwetu mtu haingii shamba la nyumba yenye hirizi. Wanasema ukichuma hapo, unajichumia na mengine ambayo hukuyapanda. Basi tuliingia wawili, yeye na mimi, ukungu wa msituni umetushukia, majani yamezidi kukomaa, vidole vimekufa kwa baridi. Kufikia saa sita mgongo wangu ulikataa, nikakaa chini kwenye tope. Marcella hakulalamika hata kidogo. Nilimsikia tu akiwaambia majani, "Nanyi mnanitaka nini?" Siku hiyo nililia, na si kwa ajili ya mgongo.

Jumamosi mchana wazee wakaja. Mbele alikuwa Mutugi, aliyechukua nafasi ya Nthiga kanisani na aliyefundishwa kazi na Nthiga mwenyewe. Nyuma yake Muriithi, mwinjilisti kijana. Mutugi alikuwa na kiberiti mfukoni na chupa ya mafuta taa mkononi. Tulimtoa Nthiga na kiti chake tukamweka kwenye jua la uani. Mutugi akaomba kigoda. Nilimpa, maana adabu ni adabu, lakini sikukipangusa.

"Mama Lenah," akaanza, haya imemjaa usoni, "tumekuja kwa upendo. Huyu ndiye mwalimu wetu, yeye ndiye aliyetuonyesha njia hii. Tunaomba avue ile kitu."

Marcella alikuwa anamlisha Nthiga uji. Akaweka kikombe chini.

"Mnataka hirizi? Haya, hiyo hapo!" Akamtolea simu kama anayetoa kitambulisho kwa askari.

Mutugi akakikodolea macho kioo. Kijitu kilikuwa kimesimama pale, na upanga wake, na ngozi yake shingoni. Muriithi ndiye aliyeelewa kwanza. "Mzee," akanong'ona, "ni gemu."

"Gemu?"

"Ya kucheza, mzee. Ya simu."

"Si nilisema?" nikadakia. "Si nilisema pale kwa mizani, mkanijibu kama mlevi?"

Masikini Mutugi. Aliangalia chupa yake ya mafuta taa, akatafuta mahali pa kuificha, hakuna. Akaanza kuomba msamaha, utusamehe mama, shetani hutumia midomo ya watu, huku anapapasa kofia yake aondoke.

Ndipo Nthiga akagonga mkono wa kiti. Pa! Akagonga tena. Macho yake yalikuwa kwenye kile kiberiti, kisha kwenye kigoda, kisha kwa Marcella. Akanyoosha mkono wa kushoto aombe simu.

Marcella akampa. Kidole gumba kikaanza kazi. Kijitu kikapita vyumba, kikapanda ngazi, kikageuka kushoto, kikaingia mahali kilipokatazwa.

"Baba Lenah, huko si huko," Marcella akasema. "Huko kuna moto."

Kikasimama mbele ya madhabahu. Nthiga akafungua mfuko wa kijitu, akaichagua ile ngozi yenye msalaba. Kioo kikauliza kwa Kizungu kama ana hakika. Ndiyo, au hapana.

"Usifanye hivyo!" Marcella alimshika kidole. "Tumeitafuta hadi macho yakauma. Bila hii ukifa huko chini ndiyo basi, hurudi. Unanisikia? Hurudi!"

Nthiga hakubonyeza. Aliigeuza simu, polepole, akamwekea Marcella mapajani. Akaurudisha mkono wake kwenye goti lake. Akamtazama, akangoja.

Mutugi akaitua kofia, akakaa tena kwenye kigoda. Sote pale tulikujua kungoja huko, hata mimi niliyekuwa naichukia ile mioto yake.

"Si yangu," Marcella akasema. "Wewe ndiye umeivaa."

Nthiga akangoja.

"Nimesema si yangu!"

Uji ukaingia utando. Muriithi akafungua mdomo aombe, Mutugi akamkanyaga mguu. Kaka yangu hakuondoa macho. Hakuwa na hasira, hakuwa anabembeleza. Alikuwa anamtazama vile alivyomtazama kule Mikinduri, na nadhani Marcella aliliona hilo kabla yetu, kwa sababu mabega yalimshuka.

Akamwinamia, akamuuliza kwa Kimeru cha kwao, akidhani hatutaelewa. "Umechoka?"

Nthiga akafumba macho, akayafumbua.

"Hutaki gari la Jumatatu."

Akafumba tena, akayafumbua. Chozi likamtoka, upande wa kushoto peke yake.

Marcella akalia. Sijawahi kumsikia akilia hivyo, hata siku tulipomzika mama yake. Alilia ameishika ile simu kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyemsogelea, maana sheria ni hiyo. Kisha akajipangusa na kanga, akaitazama simu kama anayemuaga mtu, akabonyeza.

Kwenye kioo ile ngozi ikashika moto, ikatoa moshi kidogo, ikawa majivu. Kijitu kikabaki na upanga wake.

Mutugi akaanzisha wimbo. Tukaimba. Nikaenda jikoni nikapika chai, na nilipotoka nayo nilikuta Marcella amelaza kichwa kwenye goti la Nthiga, na ule mkono wa kushoto uko juu ya kitambaa chake cha kichwa. Tulikunywa. Mutugi aliisahau chupa ya mafuta taa hapo, na hakuirudia. Kwa sheria ya kaka yangu hata mimi nisingeitaja siku hiyo tena, lakini kaka yangu sasa hayupo wa kunigombeza, na ningempa chochote aje anigombeze.

Jua lilipoanza kupoa Marcella akashuka kwenye kituo cha majani, bila kikapu. Nikamfuata kwa mbali. Lori la kiwanda lilikuwa halijafika, na foleni ilikuwa ndefu. Watu wakampisha. Akapanda lile jiwe.

"Lenah! Unanisikia? Mwambie Mwongera asilete gari Jumatatu. Hapana, hajafa! Amekula uji. Nimesema asilete!" Alikuwa anapiga kelele, kwa sababu hapo hakuna namna nyingine, na kila mtu akasikia kila neno. "Baba yako amekataa. Eeh, ameniambia. Ameniambia mwenyewe! Anabaki nyumbani. Njoo. Njoo umwone sasa, usingoje."

Akashuka. Karani akavua kofia.

Alhamisi wanawake walikuja wote, umande haujakauka, hata wale ambao si zamu yao. Walichuma mstari kwa mstari, hawakutaja hirizi wala kuomba radhi, nami sikuwadai. Nilipopita dirishani na kikapu changu nilimsikia wifi yangu ndani, anamsomea Nthiga.

"Hapa hakuna kitu tena, Baba Lenah. Umemaliza. Kuna ngazi hapo pembeni, unaiona?" Nikasikia akivuta kigoda karibu. "Haya. Shuka."